Sauti Sol na mgema aliyesifiwa: Albamu ya majaribio ilitufunza nini?

METHALI inayopendwa mno na waandishi wa habari za burudani ni ile ya mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Msanii akitoa kibao kikavuma, kisha akatoa cha pili kisichofanana na cha kwanza, basi methali hiyo humwangukia kama mvua ya masika. Ati amelewa sifa. Ati amewasahau waliompandisha jukwaani. Ni methali nzuri na ina ukweli wake, lakini nadhani tumeitumia ovyo. Mgema anayelaumiwa humo ni yule anayeuza tembo lile lile huku ameliongeza maji. Je, yule anayeuacha kwa muda mnazi uliomletea sifa, akaenda kujaribu kukwea mti mwingine, tumwiteje?

Swali hili hunijia kila ninapoifikiria albamu fupi iliyotolewa mwaka wa 2012 na bendi ya Sauti Sol ya Nairobi. Haikupewa jina jingine ila jina la bendi yenyewe, kana kwamba vijana hao walitaka kujitambulisha upya kwa watu waliokuwa wakiwafahamu tayari. Si albamu inayotajwa kwanza. Muulize abiria yeyote wa matatu kati ya Gilgil na Nakuru akutajie nyimbo za Sauti Sol. Atakutajia "Lazizi", atakutajia "Nishike" na "Sura Yako". Kazi ya 2012 imekaa katikati ya vibao hivyo kama kituo ambacho gari halisimami. Katika makala haya nataka tushuke hapo kidogo, kwa kuwa naamini kituo hicho kina funzo kwa historia ya muziki wetu na, zaidi, kwa historia ya Kiswahili chenyewe.

Tuanze mwanzo. Bien-Aimé Baraza, Willis Chimano na Savara Mudigi walikutana wakiwa wanafunzi wa Shule ya Upili ya Upper Hill jijini Nairobi, wakaimba pamoja katika kundi la nyimbo za injili. Mwaka wa 2005 walijiunga na mpiga gitaa Polycarp Otieno, na bendi ikazaliwa. Kwanza ilikuwa Sauti tu. Baadaye likaongezwa neno Sol, ambalo ni la Kihispania lenye maana ya jua. Jina hilo lilikuwa na ukweli ndani yake, maana rasilmali yao kubwa ilikuwa sauti za watu watatu zilizopangwa kikwaya na gitaa moja la kuzisindikiza.

Albamu yao ya kwanza, Mwanzo, ilitoka mwishoni mwa 2008 chini ya kampuni ya Penya Africa. Mkenya hawezi kuuandika mwaka huo bila kutua. Januari yake Nakuru na Naivasha ziliwaka moto wa machafuko ya baada ya uchaguzi. Sisi wa huku Bondeni tunakumbuka uwanja wa maonyesho wa Nakuru ulivyogeuka kuwa makao ya wakimbizi wa ndani. Kuna barabara ambazo mtu aliulizwa swali kwa lugha ya mama, na jibu lake likaamua kama atapita au hatapita. Baada ya miezi kadhaa, vijana wanne kutoka Nairobi wakatoa nyimbo za upole, nyingi zikiwa katika lugha ambayo haikuwa ya kabila lolote kati ya yale yaliyokuwa yakitazamana kwa jicho la pembeni. Sisemi kwamba albamu ilileta amani. Nyimbo haziwezi kubebeshwa mzigo huo. Nasema tu kwamba Kiswahili cha mapenzi na mawaidha, kikiimbwa na vijana wa mjini kwa raha zao, kilisikika tofauti mwaka ule kuliko ambavyo kingesikika mwaka mwingine wowote.

Tazama neno "Lazizi" lenyewe. Kamusi huliandika laazizi. Asili yake ni Kiarabu, na ni neno ambalo washairi wa mapenzi na waimbaji wa taarab wamelitumia tangu jadi. Kijana wa Nairobi angeweza kabisa kutumia neno la Kiingereza au la Sheng kumwita mpenziwe, na hakuna ambaye angemshangaa. Badala yake, neno la pwani, lenye harufu ya asumini na udi, likapanda gari hadi bara na kuimbwa na wanafunzi wa vyuo. Katika albamu hiyo hiyo mlikuwa na "Blue Uniform", wimbo unaowasema polisi, na "Mafunzo ya Dunia", ambao jina lake tu latosha kukukumbusha methali. Mapema 2011 ilifuata albamu ya pili, Sol Filosofia, yenye "Coming Home" na "Soma Kijana". Kufikia hapo bendi ilikuwa na jina, na kila mtu alijua Sauti Sol ni nini: gitaa, sauti tatu, mashairi yaliyopangika.

Hapo ndipo walipobadili mnazi. Kwa kazi ya 2012 walimwendea Spoek Mathambo, msanii na mtayarishaji kutoka Soweto. Huyu hakuwa mtu wa gitaa la polepole. Alikuwa mtu wa midundo ya kompyuta, ya vitongoji vya Afrika Kusini, aliyewahi kuuchukua wimbo wa bendi ya Kiingereza ya Joy Division na kuuvika nguo za Soweto. Kumkabidhi mtu kama huyo sauti za kwaya ya Upper Hill kulikuwa sawa na kumpa fundi wa vyuma kiti cha mninga akirekebishe. Matokeo yalikuwa albamu fupi ambayo midundo ya kielektroniki imekaa mahali ambapo msikilizaji wa "Lazizi" alizoea kukuta nyuzi.

Tusidhani kwamba sauti hizo zilikuwa ngeni kabisa Nairobi. Kundi la Just A Band, waliokutana katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, walikuwa wameshatoa Scratch to Reveal mwaka wa 2008 na 82 mwaka wa 2009. Mnamo Machi 2010 video ya wimbo wao "Ha-He" ilimfufua Makmende, shujaa wa mitaani wa utoto wetu, akaenea katika intaneti kote duniani. Mwaka huo huo wa 2012 walitoa Sorry for the Delay. Kwa hivyo kulikuwa na hewa ya kujaribu jijini. Tofauti ni kwamba Just A Band walijulikana kwa kujaribu tangu mwanzo, na mtu asiye na sifa ya zamani hana cha kupoteza. Sauti Sol walikuwa nacho.

Nimetumia neno kujaribu mara kadhaa sasa, na ukumbi huu ni wa lugha. Hebu tulitazame. Mzizi wake ni wa Kiarabu, na Kiswahili kimeuzalisha vizuri sana. Kutokana na jaribu tumepata jaribio, wingi majaribio, yaani vitendo vya kupima jambo ili kuona kama litafaa. Tumepata pia majaribu, yaani misukosuko na vishawishi vinavyompima mtu. Hivi viwili huchanganywa kila siku. Nimewahi kusikia mtangazaji akisema msanii fulani "ametoa albamu ya majaribu", nikacheka, kisha nikajiambia kwamba huenda amesema kweli kuliko alivyokusudia. Kwa msanii aliyekwisha kuvuma, kila jaribio ni jaribu pia. Anaupima mdundo, na mdundo unampima yeye.

Halafu kuna ndugu wa tatu tunayemsahau: mujarabu. Dawa mujarabu ni dawa iliyothibitika kwamba inatibu. Neno hili nalo limetoka katika mzizi ule ule, na maana yake ya ndani kabisa ni kitu kilichokwisha kujaribiwa. Lugha inatuambia jambo ambalo mashabiki hawapendi kulisikia: hakuna kilicho mujarabu ambacho hakikupitia majaribio. Hata gitaa na sauti tatu za Mwanzo zilikuwa jaribio siku moja.

Methali za Kiswahili kuhusu sifa na ngoma zina wasiwasi mkubwa. Mbali na mgema, tuna ngoma ivumayo haidumu. Tuna pia mcheza kwao hutuzwa. Ukizisoma kwa pamoja, zinampa msanii ushauri wa aina moja: usivume sana, usiende mbali, usibadilike. Ni ushauri wa busara kwa ngoma ya ngozi, maana ikipigwa sana hupasuka kweli. Lakini ukiitazama historia utaona kwamba waliodumu mara nyingi ni wale waliobadili ngozi kabla haijapasuka.

Mfano wa dunia nzima ni The Beatles wa Uingereza. Agosti 1966 walipiga tamasha lao la mwisho la kulipiwa kiingilio jijini San Francisco, wakaachana na ziara, wakajifungia studioni. Juni 1967 wakatoka na Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band, albamu ambayo isingeweza kupigwa jukwaani kwa vyombo walivyokuwa wakizunguka navyo. Mfano wa karibu zaidi na nyakati zetu ni Radiohead, Waingereza pia. Baada ya OK Computer ya 1997 kuwapa sifa za bendi ya magitaa bora kuliko zote, waliyaweka magitaa kando na mwaka wa 2000 wakatoa Kid A, iliyojaa mashine. Wengi walinuna. Hata hivyo albamu hiyo ilipanda hadi nafasi ya kwanza katika mauzo ya Marekani.

Lakini hatuna haja ya kuvuka bahari. Them Mushrooms, bendi ya ndugu wa familia ya Harrison kutoka pwani ya Kenya, walipata sifa zisizopimika mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa "Jambo Bwana", wimbo ambao hadi leo mtalii hukaribishwa nao hotelini. Wangeweza kuula wimbo huo mmoja maisha yao yote. Badala yake walihamia Nairobi na baadaye wakashirikiana na Malika, mwimbaji wa taarab, na hata na mkongwe Fundi Konde, ambaye nyimbo zake zilikuwa za kizazi cha wazazi wao. Majaribio yao yalikwenda nyuma, kisimani. Ya Sauti Sol yalikwenda kusini, mgodini. Yote mawili ni majaribio, kwa sababu yote mawili yalimtaka msikilizaji aache alichokizoea.

Wasomaji wa ukumbi huu watanisamehe nikiongeza mfano wa fasihi, maana ndio unaotuuma zaidi. Euphrase Kezilahabi alijulikana kwa Rosa Mistika, riwaya ya 1971 ambayo msomaji yeyote angeifuata bila kupotea njia. Mwaka wa 1974 alitoa Kichomi, diwani ya mashairi yasiyofuata vina na mizani, na ugomvi ukazuka kati ya wanajadi na wanamabadiliko ambao bado tunaufundisha darasani. Kisha akaandika Nagona na Mzingile, kazi ambazo zimemfanya zaidi ya msomaji mmoja akune kichwa. Ni wangapi walisema mgema huyu ameharibu tembo? Leo hakuna mtaala wa maana wa fasihi ya Kiswahili chuoni unaoweza kumpita Kezilahabi wa majaribio na kubaki na yule wa Rosa Mistika peke yake.

Mimi naishi karibu na Kariandusi, na huku hata mawe yana la kusema kuhusu jambo hili. Mwaka wa 1928 Louis Leakey alikuja hapa kando ya Ziwa Elmenteita akapata mashoka ya mkono ya watu wa kale, ambayo umri wake hukadiriwa kuwa kati ya miaka laki saba na milioni moja. Yako kituoni hadi leo, hatua chache kutoka barabara kuu ya Nairobi na Nakuru. Kinachomshangaza mgeni ni jinsi yanavyofanana. Umbo ni lile lile la tone la maji, lenye ncha na makali pande mbili. Mashoka ya aina hiyo yaliyopatikana Kokiselei, magharibi mwa Turkana, yana umri wa miaka milioni 1.76. Kwa maelfu kwa maelfu ya vizazi, binadamu wa Bonde la Ufa alipata kilichofaa akakirudia.

Hata hivyo, Kariandusi yenyewe inaonyesha kitu cha pili. Mengine yamechongwa kwa jiwe la kawaida la volkano, mengine kwa obsidiani, jiwe jeusi linalong'aa kama chupa na kukata kama wembe. Umbo halikubadilika ila nyenzo ilibadilika. Na huko Olorgesailie, kusini mwa bonde hili, wanasayansi walieleza mwaka wa 2018 kwamba kufikia miaka 320,000 iliyopita mashoka makubwa yalikuwa yamewapisha zana ndogo zaidi na laini zaidi, baadhi zikiwa za obsidiani iliyotoka umbali wa kati ya kilomita 25 na 95. Mabadiliko ya umbo yalikuja pamoja na mawe ya mbali.

Naiona albamu ya 2012 kwa mfano huo. Sauti tatu za kikwaya ndizo umbo. Gitaa lilikuwa jiwe la nyumbani. Midundo ya Mathambo ilikuwa obsidiani iliyobebwa kutoka mbali, na fundi anayeshika jiwe jipya kwa mara ya kwanza hana budi kujikata kidole. Swali la maana si kama zana ya kwanza ilikuwa nzuri. Swali ni mkono ulijifunza nini.

Tazama basi kilichofuata. Mwaka wa 2014 wakatoa "Nishike", kisha "Sura Yako". Mwaka huo wakashinda tuzo ya MTV ya Ulaya kwa msanii bora wa Afrika. Julai 2015 Rais Barack Obama wa Marekani alipozuru Nairobi, walimchezesha Ikulu wakati wa dhifa. Novemba 2015 ikatoka Live and Die in Afrika, iliyokuwa na nyimbo hizo pamoja na "Nerea", walioimba na Amos na Josh, na "Kuliko Jana", walioimba na RedFourth Chorus. Sikiliza kwa makini na utaona kwamba hawakurudi kwenye Mwanzo, wala hawakubaki kwenye 2012. Midundo ya kuchezeka imekaa, na kwaya imerudi ikiwa na nguvu mpya.

Kwangu mimi ushahidi mkubwa umo katika lugha. Linganisha majina. "Mafunzo ya Dunia" ni jina la mtu aliyeketi akatafakari. "Soma Kijana" ni amri ya mwalimu kwa mwanafunzi. Sasa tazama "Nishike". Ni neno moja lenye silabi tatu, lakini ndani yake mna sentensi kamili: ni- ni mimi ninayetendewa, -shik- ni kitendo, -e ni ombi. Mwenye kuombwa hakutajwa kwa kuwa yuko hapo hapo. Mkazo unaangukia silabi ya katikati, na mwili unajua pa kukanyaga. "Kuliko Jana" nayo ni nusu ya ulinganisho. Kiwango kimetajwa, kinacholinganishwa kimeachwa, nasi wasikilizaji tunakijaza kichwani. Hicho ni Kiswahili cha mdomoni, kilichokonda, kinachotumia minyambuliko na ukimya kufanya kazi ambayo zamani ilifanywa na maneno mengi.

Midundo ya haraka humlazimisha mtunzi kufanya hivyo. Wimbo wa gitaa la polepole hukuruhusu kuvuta irabu na kupamba mstari. Mdundo wa kuchezeka hukunyang'anya nafasi hiyo, nawe unabaki kutafuta neno linalobeba mengi kwa silabi chache. Na Kiswahili, kwa utajiri wa viambishi vyake, ni kana kwamba kiliumbwa kwa kazi hiyo. Lugha nyingi zinahitaji zaidi ya neno moja kusema nishike. Sidai kwamba albamu fupi ya 2012 pekee ndiyo iliyowafunza haya, lakini nashuku kwamba bila kuupitia mwaka huo wangeendelea kuandika Kiswahili cha barua huku vijana wakicheza kwa Kiingereza.

Na hapo ndipo lilipo jambo lenye uzito. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Kenya pamoja na Kiingereza, juu ya kuwa lugha ya taifa. Lakini katiba haiwezi kumfanya kijana wa miaka 17 ajisikie kwamba lugha hiyo ni yake usiku wa Jumamosi. Hilo hufanywa na watu wanaoithubutisha katika mahali papya, wakiwa tayari kuonekana wamekosea. Kila tunapomrushia methali ya mgema msanii, mwandishi au mwalimu anayejaribu, tunakiambia Kiswahili kibaki mahali ambapo tayari kinasifiwa: kwenye hotuba za Madaraka, kwenye mtihani wa kitaifa na kwenye taarab za harusi.

Sauti Sol walitangaza mnamo Mei 2023 kwamba wanapumzika kama bendi, na Novemba mwaka huo wakawaaga mashabiki wao jijini Nairobi. Kwa hivyo sasa hesabu yao inaweza kufanywa kwa utulivu, na wanafunzi wa isimu na fasihi wanaotafuta mada za tasnifu wana uwanja mpana hapo. Ombi langu kwao ni moja. Wasianze na "Lazizi" kisha wakaruka hadi "Sura Yako" kwa kuwa ndizo zinazojulikana. Waisikilize na kazi ya 2012, wahesabu silabi zake, waone neno gani lilikwama kwenye mdundo na lipi lilipita. Tembo la mwaka ule halikutiwa maji. Lilikuwa la mnazi mwingine, na wanywaji hatukuwa tumeuzoea bado.